Adriano Atiman, daktari wa Karema, na vifurushi vyetu vya Krismasi



Huku Inyonga, nilikotumwa kwa mwaka wangu wa uchungaji baada ya kumaliza shahada ya falsafa, mvua zimeshaanza. Anayelijua eneo hili anajua kwamba Desemba ni mwezi mgumu. Hela ya tumbaku na ya asali iliyopatikana kiangazi imeshakwisha, iliyobaki imeingia kwenye mbegu na mbolea, ghala limebaki na mahindi ya kuhesabu, na shambani bado ni majani tu. Krismasi inaingia hapo hapo katikati. Halafu Januari shule zinafunguliwa, na mtoto anataka daftari. Ndiyo maana kila mwaka vijana wa parokia tunakusanya unga, maharage, chumvi, mafuta, sabuni na madaftari, tunafunga vifurushi na kuvipeleka kwa familia ambazo viongozi wa jumuiya ndogondogo wametuandikia.

Mwaka huu kikao cha maandalizi kilikuwa cha moto. Kuna waliosema tusipopiga picha wafadhili hawatatuamini. Kuna waliosema picha ya mzee anapokea kilo mbili za unga ni aibu kwake na kwetu. Halafu dada mmoja, kijana wa chuo aliye likizo, akauliza swali lililotunyamazisha wote: tukishapeleka hivyo vifurushi, Januari tunakuwa wapi? Wakaniomba frateri niandae semina kabla ya siku ya kugawa. Nilitafuta mtakatifu wa mbali wa kuwaelezea, nikaona hapana, tunaye mtu wetu hapa hapa jimboni Mpanda. Si mtakatifu aliyetangazwa, lakini kaburi lake liko Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya mkoa huu huu wa Katavi. Anaitwa Adriano Atiman.

Nilishangaa ni wangapi hawakuwahi kumsikia. Ukienda Dar es Salaam, nyumba ya Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, inaitwa Atiman House. Watu wanapita pale kila siku wakidhani ni jina la Mzungu fulani.

Atiman hakuwa Mzungu, wala hakuzaliwa Tanzania. Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kwenye mto Niger, karibu na Timbuktu, nchi ambayo leo tunaiita Mali. Akiwa mtoto mdogo tu alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Hebu fikiria mtoto wa darasa la pili, yule anayetumwa dukani kununua chumvi, haonekani tena nyumbani. Alivushwa jangwa la Sahara, akafikishwa Metlili, Algeria, kwenye soko. Wazazi wake hakuwaona tena, na jina la kijiji chake alilibeba moyoni maisha yake yote.

Mwaka 1876 Mapadre Weupe walitoa fedha wakamkomboa. Hapa huwa nasimama kidogo. Sisi tunasema kukombolewa, tunaimba kukombolewa, tunalisali neno hilo mpaka limekuwa jepesi mdomoni. Kwa Atiman lilikuwa na bei, na mtu aliyefungua mfuko akalipa. Nadhani ndiyo sababu mtu huyu hakuhitaji kuelezwa sana maana ya Umwilisho. Alishajua inakuwaje pale mtu asiyekudai na asiyekujua anapokuja mpaka ulipofungwa.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Huyu Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa wakati wake lilikuwa geni kabisa. Aliona kwamba bara hili litahudumiwa na Waafrika wenyewe, tena si mapadre peke yao. Alitaka vijana Waafrika wasomee udaktari, wabaki walei, waoe, waishi kama watu wanaokaa nao, na waifundishe imani wakiwa wanatibu. Aliwaita madaktari makatekista. Alisisitiza pia wasigeuzwe kuwa Wazungu weusi kwa mavazi na chakula, maana wakirudi wangekuwa wageni kwa ndugu zao. Mwaka 1881 akafungua kwa ajili yao chuo kisiwani Malta, wakawa wanasoma tiba katika Chuo Kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao. Katika miaka hiyo akabatizwa na kupewa jina la Adriano.

Mwaka 1888 alimaliza masomo. Ndio mwaka ambao Lavigerie alizunguka Ulaya, kuanzia Paris mpaka London na Brussels, akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa. Kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye elimu ya udaktari, anayejua lugha za watu, angeweza kabisa kuomba abaki Malta au Algeria. Au angeomba apelekwe Niger akamtafute mama yake. Mimi ningeomba hivyo, sitawaficha. Yeye akatumwa Tanganyika, nchi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja, akaenda.

Alifika Karema mwaka 1889. Karema yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa ngome. Mwaka 1879 Mbelgiji mmoja, Kapteni Cambier, aliijenga kwa niaba ya ile jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Zile kuta nene zikawa kimbilio la watu waliokuwa wakikimbia kukamatwa, maana biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea pande zote mbili za ziwa, na misafara kati ya ziwa na Tabora ilikatisha nchi za Wakonongo, yaani hizi hizi tunazolima leo. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuwa akiwalinda wanavijiji kwa silaha, na majeruhi wake walifika mikononi mwa Atiman.

Hapo sasa mtoto aliyeuzwa sokoni Metlili anawafunga vidonda watu walioponea chupuchupu kuuzwa. Sijui wewe ungejisikiaje. Mimi nafikiri kuna siku mikono ilimtetemeka.

Mwaka huo huo alioa. Mke wake alikuwa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Kwa hiyo yule asiyekuwa na ndugu akapata wakwe, shemeji na majirani, akawa mtu wa Karema. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Yosefu, ambaye baadaye akawa padre. Nawatajia hili hasa ninyi mnaoniuliza kila mara kama utakatifu ni kwa ajili ya mafrateri na masista tu. Atiman alikuwa baba wa familia. Alikuwa mlei aliyeamka asubuhi, akaenda kazini, akarudi kwa mkewe.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Ukisoma maisha ya watu wakubwa unategemea kila ukurasa uwe na tukio. Kwa Atiman, ukiondoa miaka ya mwanzo, matukio ni machache. Ni homa, vidonda, wajawazito, watoto wa kuhara, katekisimu, halafu kesho tena. Dawa kutoka Ulaya zilichukua muda mrefu kufika, kwa hiyo alijifunza pia mitishamba ya wenyeji, akaitumia pamoja na aliyoyasoma Malta. Napenda sana jambo hili. Msomi wa chuo kikuu alikubali kukaa chini na waganga wa majani ambao hawajui kusoma, akauliza mzizi huu unatibu nini. Wakati huo wengi waliotoka Ulaya waliona mambo hayo ni ya kishenzi tu.

Alikuwepo wakati wa Wajerumani. Alikuwepo Askofu Lechaptois alipoijenga Karema kuwa kituo kikubwa cha kanisa, na mwaka 1907 lilipozaliwa hapo hapo shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Alikuwepo wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja. Serikali zilibadilika, maaskofu wakapokezana, mzee yupo, anatibu. Mwaka 1946 maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Uzeeni alitunukiwa nishani. Alifariki mwaka 1956 Karema, akiwa na miaka kama tisini, miaka mitano kabla ya Uhuru wetu.

Piga hesabu: 1889 mpaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja.

Kwenye semina nilipofika kwenye namba hiyo, kijana mmoja alicheka akasema, basi sisi na Krismasi yetu ya siku moja ndiyo tumekwisha. Nikamwambia hapana, asiharakishe. Aristotle, ambaye tulimsoma mpaka tukamchoka, anafundisha kwamba mtu anakuwa mwema kwa kutenda tendo jema mara kwa mara, mpaka linakuwa tabia. Lakini mara kwa mara huanza na mara moja. Atiman naye alikuwa na mgonjwa wa kwanza. Vifurushi vya Krismasi si jambo dogo, na mama ambaye ghala lake ni tupu hatushukuru kwa falsafa, anashukuru kwa unga. Sipendi kabisa wale wanaodharau sadaka ya siku moja huku wenyewe hawatoi hata ya nusu siku.

Lakini lile swali la dada wa chuo bado lilikuwa mezani, na kikao hakikulijibu. Aliyelijibu ni bibi mmoja. Jumamosi ya pili ya Majilio tulikuwa tunazunguka kuhakiki orodha ya familia, tukafika kwa bibi anayelea wajukuu wanne. Tukamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba wajukuu zangu, akatukaribisha barazani. Tulipomweleza habari ya kifurushi alishukuru sana. Kisha akatuonyesha mguu. Ana kidonda cha muda mrefu, kituo cha afya wamemwambia kisafishwe na kufungwa upya kila baada ya siku chache, na peke yake hawezi kutembea mpaka kule, hasa njia zikiwa na matope. Hakutuomba kitu. Alikuwa anatueleza tu, kama mtu anavyoeleza habari zake kwa wageni waliokaa vizuri.

Tulitoka pale kimya. Barabarani wawili kati yetu, mvulana mwenye baiskeli na msichana anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, wakapanga wenyewe bila mimi kusema neno. Sasa Jumanne na Ijumaa wanampeleka, mmoja anasukuma baiskeli, mwingine anamshikilia bibi, na mjukuu mkubwa anabaki na wadogo. Hakuna aliyepiga picha, na sitawaambia ni mtaa gani. Swali langu kwao, ambalo bado sina jibu lake, ni hili: matokeo yakitoka na msichana akaondoka kwenda shule, nani anachukua zamu yake? Nimeliweka kwenye ajenda ya kikao cha Januari. Mnaosoma hapa mkiwa Inyonga, mmeshasikia.

Kuhusu picha, tulikubaliana hivi. Tutapiga picha za vifurushi vikiwa vimepangwa ukumbini, na picha yetu tukifunga, pamoja na hesabu ya kila kilichoingia na kilichotoka. Familia zinazopokea hazitapigwa. Mfadhili ambaye hatatosheka na hesabu, tutamkaribisha aje abebe mfuko mmoja hadi mlangoni mwa mtu.

Vifurushi tunafunga Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Kilichopungua mpaka sasa ni sabuni ya mche na madaftari, unga umetosha. Kugawa ni tarehe 23, tunatembea kwa makundi ya watatu watatu, na kila kundi likae angalau robo saa kwa kila nyumba, si kuweka mfuko na kukimbia. Na tarehe 28, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, tutawaombea watoto wote walioibwa makwao, wa zamani na wa leo.

Baada ya mvua kuisha, kwa sababu barabara ya ziwani wakati wa masika si mchezo, tunataka kwenda Karema kusali kwenye kaburi la Atiman. Nauli kila mtu aanze kujiwekea mwenyewe. Yule bibi amesema mguu ukipona naye anakuja.