Oscar Micheaux: Mwongozaji wa filamu aliyepata mtaji kwa wasomaji wa vitabu vyake

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1918, katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwanamume Mweusi mwenye umri wa miaka 34 aliwaendea wakulima wa Kizungu wa maeneo hayo na kuwaomba wanunue hisa za kampuni ya filamu. Hakuwa amewahi kutengeneza filamu hata moja. Hata hivyo, wengi wa wakulima hao hawakuwa wageni kwake, kwani ndio waliokuwa wateja wa vitabu alivyoviandika na kuvitembeza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Hisa zikanunuliwa, kwa bei inayotajwa kuwa kati ya dola 75 na 100 kila moja, na mwaka uliofuata filamu ikaoneshwa.

Mtu huyo alikuwa Oscar Micheaux, anayetambuliwa kuwa mtu Mweusi wa kwanza nchini Marekani kutengeneza filamu ndefu. Katika kipindi cha takriban miaka 30 alitoa filamu zaidi ya 40, zote nje ya makampuni makubwa ya Hollywood. Mengi yameandikwa kuhusu ujasiri wa mada zake. Makala hii inatazama zaidi namna alivyowafikia watu aliowahitaji, na gharama aliyoilipa kwa njia hiyo.

Micheaux alizaliwa Januari 2, 1884 karibu na mji wa Metropolis, jimbo la Illinois, kwa baba aliyewahi kuwa mtumwa. Akiwa kijana alihamia Chicago, na baada ya vibarua vya hapa na pale akapata kazi ya uhudumu katika mabehewa ya kulala ya treni za Pullman. Kazi hiyo ilimpitisha majimbo mengi na kumkutanisha kila siku na abiria wenye uwezo. Alijifunza kuzungumza na mtu asiyemjua, akaweka akiba, na karibu mwaka 1905 akanunua shamba huko South Dakota, eneo ambalo majirani zake karibu wote walikuwa Wazungu.

Kilimo hakikumwendea vizuri. Ukame na madeni vilimpokonya ardhi, na ndoa yake ya kwanza ikavunjika. Ndipo alipogeukia kalamu. Kitabu chake cha kwanza, kilichosimulia maisha ya mkulima kama yeye, kilitoka mwaka 1913 bila jina la mwandishi. Hakusubiri wenye maduka wakipokee; alikibeba na kukiuza kwa watu aliolima nao jirani. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba shamba lile lililopotea ndilo lililomzalia Micheaux mtaji wa kudumu, maana lilimwachia majirani waliokwisha kumpima kwa kazi ya mikono yake.

Riwaya yake ya mwaka 1917, The Homesteader, ilimfikia George P. Johnson, mtumishi wa posta mjini Omaha, ambaye pia alishughulikia usambazaji wa filamu za Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya Weusi yenye makao Los Angeles. Johnson alitaka kununua haki za kuifanya riwaya hiyo filamu. Micheaux alikubali kwa masharti: asimamie utengenezaji yeye mwenyewe, na filamu iwe ndefu. Mazungumzo yalivunjika. Hata hivyo barua zile hazikuwa kazi bure. Kupitia kwake na kwa watu wa namna yake, Micheaux alielewa biashara ya filamu za Weusi ilivyoendeshwa, na ndipo akaamua kuanzisha kampuni yake.

The Homesteader ilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1919, katika ukumbi wa Kikosi cha Nane, kikosi cha askari Weusi waliokuwa wamerejea siku chache tu kutoka vitani Ulaya. Ni vigumu kufikiria mahali na wakati bora zaidi pa kukusanya hadhira.

Baada ya hapo maisha yake yakawa safari. Kwa kuwa hakuwa na msambazaji mkubwa, alizunguka mwenyewe na nakala za filamu, mabango na picha za mnato. Alizungumza na wenye majumba ya sinema mmoja mmoja, akiwaonesha waigizaji wa filamu ijayo na kuwaomba malipo ya awali ili aitengeneze. Kusini, ambako sheria za ubaguzi zilitenganisha watazamaji, aliwashawishi baadhi ya Wazungu wenye majumba hayo waweke maonesho ya usiku wa manane kwa ajili ya Weusi. Waigizaji aliwapata kwenye makundi ya jukwaani kama Lafayette Players la Harlem. Ni yeye aliyempa Paul Robeson nafasi yake ya kwanza katika sinema, kwenye Body and Soul ya mwaka 1925.

Vikwazo havikukosekana. Within Our Gates ya mwaka 1920, iliyoonesha Weusi wakiuawa na makundi ya watu bila kufikishwa mahakamani, ilipingwa na wakaguzi wa filamu mjini Chicago, mji uliokuwa umetoka katika machafuko ya rangi ya mwaka 1919. Micheaux alizoea kukata vipande na kuviunganisha upya ili filamu ipite katika mji unaofuata.

Lakini mtandao uliojengwa juu ya ahadi huchakaa ahadi zinapochelewa. Mwandishi Charles Chesnutt alimuuzia haki za riwaya yake kwa dola 500, na akalazimika kungoja malipo kwa awamu. Mwaka 1928 Micheaux alitangaza kufilisika. Filamu yenye sauti ilipoingia, gharama zilimzidi, na ilibidi ashirikiane na Frank Schiffman na Leo Brecher, Wazungu waliomiliki kumbi Harlem, ndipo akatoa The Exile mwaka 1931. Mkewe wa pili, mwigizaji Alice B. Russell, alibaki mshirika wake wa karibu. Mwaka 1938 watazamaji Weusi wenyewe waliandamana New York kuipinga God's Step Children kwa namna ilivyowaonesha watu kulingana na weupe wa ngozi zao. Filamu yake ya mwisho, The Betrayal ya mwaka 1948, ilianguka.

Alifariki dunia Machi 25, 1951 mjini Charlotte, North Carolina, akiwa safarini kikazi, na akazikwa Great Bend, Kansas. Sehemu kubwa ya filamu zake imepotea, ikiwemo ile iliyogharimiwa na wakulima wa Sioux City. Within Our Gates ilipatikana Hispania katika miaka ya 1970, ikiwa na jina la Kihispania na maandishi ya Kihispania, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati na kuirudishia maandishi ya Kiingereza mwaka 1993.