Mkono Uliofunguliwa

Mwaka 1876, katika kijiji cha Inawashiro nchini Japani, mkulima maskini aitwaye Shika alijifungua mtoto wa kiume, Seisaku Noguchi. Baba alikuwa mlevi, hivyo mzigo wa nyumba ulimwelemea mama. Mtoto hajatimiza miaka miwili, alitumbukia katika meko ya sakafuni mama akiwa nje. Alipona, lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vilishikamana.

Mkono ule haukufaa kwa jembe. Mama akaazimia mwanawe asome, akafanya vibarua na kubeba mizigo ya watu. Shuleni wenzake walimcheka. Lakini mwalimu mmoja, Kobayashi Sakae, aliiona akili yake, akamsaidia kuendelea na masomo. Mwaka 1892 walimu na wanafunzi walichanga fedha, na Daktari Watanabe Kanae akampasua na kuvitenganisha vidole vyake.

Mkono haukurudi kuwa mzima kabisa, ila ulifunguka. Kijana akaamua kuwa daktari. Alianza kwa kutumika katika kliniki ya Watanabe, na mwaka 1897 akafaulu mtihani wa serikali. Sasa alijiita Hideyo. Mwaka 1899 alikuwa afisa wa karantini katika bandari ya Yokohama, kisha akatumwa China kupambana na tauni. Mwaka 1900 alivuka bahari kwenda Marekani, na hatimaye akajiunga na Taasisi ya Rockefeller, New York. Hapo, mwaka 1913, alionyesha vijidudu vya kaswende katika ubongo wa wagonjwa waliopooza na kurukwa na akili. Mtoto wa meko akajulikana duniani kote.

Mwaka 1918, akiwa Ecuador, alitangaza kwamba amekipata kijidudu cha homa ya manjano. Alishangiliwa, lakini alikuwa amekosea. Watafiti wa Afrika Magharibi hawakukiona kijidudu hicho kwa wagonjwa wao, na mwaka 1927 walithibitisha kwamba ugonjwa huletwa na virusi.

Noguchi angeweza kubaki New York akilitetea jina lake kwa maandishi. Badala yake alipanda meli kwenda Accra, palipokuwa na ugonjwa wenyewe, ili achunguze kwa mikono yake. Homa ya manjano ikampata. Alifariki tarehe 21 Mei 1928, akiwa na miaka 51. Siku chache baadaye Daktari William Young, aliyefanya kazi naye, akafa kwa ugonjwa uleule.

Chanjo ilipatikana mwaka 1937, kutokana na virusi walivyovitambua wale waliompinga. Hata hivyo Ghana haikumsahau: taasisi ya utafiti wa tiba huko Legon inaitwa kwa jina lake.

Kwa mjadala: Ni nani katika kundi lenu anayehitaji mchango kama ule wa mwaka 1892? Na tunapoambiwa kwamba tumekosea, je, tunajitetea, au tunainuka kwenda kuchunguza?