Askofu Hannington na Njia ya Mashariki

Mahujaji waendao Namugongo kwa miguu kabla ya tarehe 3 Juni, baadhi yao wakitokea Kenya, huwakumbuka mashahidi wa mwaka 1886. Miezi michache kabla ya mashahidi hao, mtu mwingine aliifuata njia hiyo ya mashariki, naye hakufika.

James Hannington alizaliwa Hurstpierpoint, Uingereza, tarehe 3 Septemba 1847. Safari yake ya kwanza kuelekea Uganda, mwaka 1882, ilipitia kusini mwa Ziwa Viktoria. Kuhara damu kukamwangusha, akarudi kwao. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika Mashariki ya Ikweta. Safari hii alichagua kukatiza Umaasai, njia fupi zaidi na, kwa hesabu yake, yenye afya zaidi.

Aliondoka Rabai Julai 1885 akiwa na wapagazi zaidi ya 200, pamoja na shemasi William Jones, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Kutoka misitu ya Ukikuyu, ambako chakula kilipatikana kwa taabu, msafara uliteremka Bonde la Ufa, kisha ukaukwea ukingo wake wa magharibi. Aliyekulia Siongiroi, akaizoea miinuko ya kuelekea Mau, anaijua baridi ya alfajiri na utelezi wa tope. Na ajitwike mzigo kichwani ndipo awaelewe wapagazi wale.

Hata hivyo, si milima iliyomwangamiza. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wamejitwalia ardhi bara, mkabala na Zanzibar, na huko Buganda iliaminika kwamba watakaoimeza nchi wangetokea mashariki. Askofu hakujua uzito wa jambo hilo. Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, alimwacha Jones na wapagazi wengi, akaendelea na watu 50. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa Busoga, katika himaya ya Luba; tarehe 29, kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliuawa pamoja na takriban wenzake wote. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, alimlaumu kabaka kwa kumuua Mwanglikana huyo. Novemba naye akauawa.

Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe mwaka 1892. Jones, ambaye kwa maoni yangu anastahili sifa kuliko anayopewa, aliwaongoza waliosalia wakaipanda na kuishuka milima ileile, wakafika Rabai Februari 1886.