Krapf alivuka maji kuwafuata majirani

Ukisimama Jomvu Kuu jioni, ukaangalia mkono wa bahari unaoingia ndani kwenye mikoko, unaona maji tu. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa barabara. Ukitoka Mvita kwenda Rabai unapanda mashua mpaka bara, kisha unapandisha vilima kwa miguu. Johann Ludwig Krapf aliijua vizuri hiyo safari.

Jina hilo ulilikariri kwa ajili ya mtihani, ukalisahau. Ngoja tulirudie.

Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1810. Alihubiri kwanza Ethiopia, mambo yakaenda mrama. Mwaka wa 1844 akaingia Mombasa na mkewe, Rosine. Kufikia Julai, homa ilikuwa imemchukua Rosine, na mtoto wao mchanga pia. Kaburi liko bara, upande wa Nyali. Ungekuwa wewe, si ungerudi kwenu?

Krapf alibaki. Akajifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka wa 1846, yeye na Johannes Rebmann wakahamia Rabai, kwa watu walioitwa Wanyika, yaani watu wa porini. Leo tunawaita Mijikenda. Walikuwa majirani wa mji na walifanya nao biashara, lakini hilo jina lilikuwa dharau tupu.

Sasa usidhani watu walifurika kanisani. Zii. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema aliyekuwa karibu kufa. Na tusimpake Krapf sukari: aliwaona Mijikenda kama watu wa gizani, ilhali walikuwa na kaya zao, wazee wao na Mulungu wao.

Macho yake yalikuwa mbali pia. Aliota msururu wa vituo vya misheni kutoka Bahari Hindi mpaka Atlantiki. Mwaka wa 1849 aliuona Mlima Kenya na theluji yake, na kuna wasomi Ulaya waliokataa kumwamini. Mwaka wa 1853 ugonjwa ukamrudisha kwao.

Mwaka wa 1862 akaja tena, akawaongoza Wamethodisti, akiwemo Thomas Wakefield, mpaka Ribe. Baadaye Wamethodisti hao wakafungua kituo hapa Jomvu. Krapf alifariki mwaka wa 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata.

Msururu wa kufika Atlantiki hakuuona. Kilichobaki ni Rabai, Ribe, Jomvu na kamusi, vyote vya hapa karibu.

Mimi niliacha chuo nikiamini maisha yako Nairobi au Dubai. Jirani yangu ni Mduruma, tumepakana miaka, na hata salamu ya kwao siijui. Mjerumani mwenye homa alikaa chini akajifunza lugha ya jirani zetu. Mimi na wewe tuna kisingizio gani?