Kabla Awe Mzee: Jinsi Mshipi wa Shanga Ulimpa Jomo Kenyatta Jina Akiwa Kijana wa Kilimani

Ukitoka keja asubuhi lazima ujipapase mifuko. Simu iko, funguo ziko, kipande iko, doh ya mathree iko. Na kama wewe ni wale wasee wa kupenda vitu za kiungwana, kuna pia kile kisu kidogo cha kukunja chenye mpini wa mbao, ile ilikugharimu pesa huwezi kumwambia mtu kwa nyumba. Hukati nacho chochote zaidi ya kamba na embe. Lakini kikiwa mfukoni unatembea tofauti, mpaka ufike mlango wa mall na soja akupitishie ile mashine yake.

Basi tulia nikupe stori ya jamaa aliyeelewa hii maneno ya kubeba kitu kuliko sisi wote. Unamjua. Jina lake liko kwa airport, liko kwa hospitali, liko kwa ile barabara pana pale tao. Lakini kabla ya hizo zote alikuwa kijana wa Kilimani mwenye mshipi mzuri.

Alizaliwa Gatundu, miaka ya 1890 hivi, akaitwa Kamau wa Ngengi. Wazazi walikufa akiwa mdogo. Mwaka 1909 akajipeleka mwenyewe kwa misheni ya Waskoti pale Thogoto, mbele ya Dagoretti, akafunzwa kusoma na useremala. Wakati wa kubatizwa mwaka 1914 alitaka aitwe John Peter. Wazungu wakamwambia achague moja. Unajua alifanya nini? Petro maana yake ni jiwe, kwa hivyo akaunganisha na kuwa Johnstone. Hapo ndipo ujue huyu msee hakuwa wa kupangiwa jina.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, na serikali ikawa inashika vijana kwa nguvu wakabebe mizigo ya jeshi. Johnstone akahepa, akaenda kukaa na jamaa zake Wamaasai upande wa Narok. Huko ndiko alipatia mshipi wa shanga, ule ulioitwa kinyata. Akauvaa, akarudi nao Nairobi, na baada ya muda watu wakaanza kumwita kwa jina la mshipi. Yeye mwenyewe akalikubali. Fikiria mtu akuite maisha yako yote kwa jina la kitu umefunga kiunoni, na siku moja hilo jina liwe kwa pasipoti za watoto wako.

Sasa, ili uelewe kwa nini huo mshipi ulikuwa na uzito, lazima uone Nairobi ilikuwa aje wakati huo. Kuanzia 1919 hivi, mwanaume Mwafrika mwenye miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba kipande. Si hii kadi yako ya plastiki. Ilikuwa karatasi yenye jina lako, alama za vidole, kabila, nani amekuandika kazi, anakulipa ngapi, na mdosi anasema nini juu yako. Hiyo karatasi ilikuwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ukipatikana tao bila hiyo kengele, karao wanakubeba.

Harry Thuku, aliyekuwa mtu wa simu kwa ofisi ya serikali, alipinga hiyo kipande pamoja na kodi. Walimshika Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye watu wakajaa nje ya kituo cha polisi, pale karibu na Norfolk, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa maiti 21. Watu wa siku hizo walisema ni wengi zaidi.

Na Johnstone? Mwezi wa nne mwaka huohuo, 1922, alianza kazi ya kusoma mita za maji na kuweka stoo ya manispaa ya Nairobi. Alikuja kulipwa shilingi 250 kwa mwezi, na kwa Mwafrika wa siku hizo hiyo ilikuwa pesa ya kusonko. Alikaa Kilimani, akajenga nyumba nyingine Dagoretti iliyokuwa pia duka la mtaa, akaiita Kinyata Stores. Alipenda sinema, mpira na nguo kutoka Uingereza. Manze, hata makarani Wazungu walikuwa wanakopa kwake!

Kuna wanaosema alikuwa anajibamba tu wakati wenzake wanakufa. Ni kweli hakuwa mstari wa mbele siku ya risasi, na sitamtetea hapo. Lakini mwangalie akipita na kitabu chake cha mita, anaingia ua za watu ambao nje ya kazi wangemfukuza. Suti ya Mzungu juu, shanga za Kimaasai kiunoni. Serikali ilikuwa imeamua Mwafrika abebe nini shingoni. Kiuno hakikuwa kwenye hiyo sheria.

Mwaka 1928 akawa katibu wa KCA na kuanzisha gazeti la Muigwithania. Februari 1929 akapanda meli kwenda London kudai mashamba. Akarudi 1930, akaenda tena 1931, na huko akakaa miaka 15. Pesa ilimuishia mara nyingi, mpaka akaonekana kama mtu wa kujazia kwenye sinema ya Sanders of the River ya 1935. Akasoma LSE chini ya Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu, Facing Mount Kenya. Kwa picha yake ya hicho kitabu amevaa ngozi, anajaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Huyu ni mtu wa kutembea na suti kila siku London! Na jina juu ya kitabu si Johnstone tena. Ni Jomo, neno linalokaribia lile la Kikuyu la kuchomoa upanga kwa ala yake. Kwa hivyo ukiliweka pamoja, jina zima ni blade na mshipi.

Zingine unazijua. Alirudi 1946, akashikwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria miaka saba ya kazi ngumu, akatoka Agosti 1961, na uhuru ukaja Desemba 12, 1963. Akawa Mzee wa mgwisho, pete kubwa na fimbo. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Na hapo pia usisahau kwamba akiwa Ikulu, Tom Mboya alipigwa risasi mchana kweupe pale tao Julai 1969, na mwili wa J.M. Kariuki ukapatikana Ngong mwaka 1975. Mgwisho haukufagia hizo.

Alifariki Mombasa, Agosti 22, 1978. Sanamu yake iko pale KICC, ameketi, na kwa sababu noti mpya za 2019 zina picha ya KICC, watu walienda kortini wakisema ametoroshwa kurudi kwa pesa kupitia mlango wa nyuma. Korti ikakataa. Kwa hivyo kesho ukijipapasa mifuko hapo mlangoni, kisu kiwe au kisiwe, kuna uwezekano Mzee yuko humo ndani, amekaa kwa noti, kando ya kadi ambayo bado unaiita kipande.