Mwalimu Aliyeandikwa na Wanafunzi Wake

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunakutana na jina la Ferdinand de Saussure tangu mwaka wa kwanza. Tunalinakili katika daftari, tunalirudisha siku ya mtihani, kisha tunalisahau. Mimi pia nilifanya hivyo. Nilianza kumtafuta mtu mwenyewe mwaka huu tu, nilipokwenda kufanya mazoezi ya ualimu katika shule moja ya sekondari, nikasimama mbele ya darasa na karatasi mkononi, nisijue la kufanya zaidi ya kuzisoma.

Saussure alizaliwa Geneva, Uswisi, tarehe 26 Novemba 1857, katika ukoo wa wanasayansi. Baba yake alikuwa mtaalamu wa wadudu. Mwaka 1876 alikwenda kusoma Leipzig, Ujerumani, mahali palipokuwa kitovu cha isimu linganishi wakati ule. Akiwa na miaka 21 alitoa kitabu juu ya mfumo wa kale wa irabu katika lugha za Kihindi-Ulaya. Humo alidai kwamba hapo zamani palikuwa na sauti fulani ambazo hazikuonekani katika lugha yoyote iliyojulikana. Hakuwa na maandishi ya kumpa ushahidi. Pengo lililokuwa ndani ya mfumo ndilo lililomwonyesha. Mwaka 1927, miaka 14 baada ya kifo chake, Jerzy Kuryłowicz alionyesha kwamba Kihiti, lugha ya kale ya Anatolia, kina konsonanti mahali ambapo baadhi ya sauti hizo zilitarajiwa.

Mtu wa namna hiyo angeweza kujifungia na vitabu vyake. Lakini mwaka 1881, akitimiza miaka 24, ambao ndio umri wangu wa leo, alianza kufundisha Paris, katika École des hautes études, kwa nafasi aliyoachiwa na Michel Bréal. Alifundisha Kigothi na Kijerumani cha kale, kisha akapanua masomo yake. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo Antoine Meillet, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa isimu ya Ufaransa na akabaki kumheshimu mwalimu wake maisha yote.

Mwaka 1891 alirudi Geneva. Huko alifundisha Kisanskriti kwa miaka mingi, na kadiri muda ulivyopita ndivyo alivyozidi kuchapisha kidogo. Mwaka 1894 alimwandikia Meillet kwamba kuandika juu ya lugha kunamchosha, kwa sababu istilahi za wakati ule hazikumridhisha, na kwanza ilibidi kumwonyesha mwanaisimu ni nini hasa anachokifanya.

Mwishoni mwa 1906 chuo kikuu kilimpa somo la isimu ya jumla, baada ya Joseph Wertheimer kustaafu. Alilifundisha mara tatu: mwaka 1907, mwaka 1908 hadi 1909, na mwaka 1910 hadi 1911. Wanafunzi wake kila mara hawakufika hata ishirini. Hakurudia kozi ileile. Kila mara aliipanga upya, kana kwamba mwaka uliotangulia alikuwa bado hajaipata njia.

Mwezi Mei 1911 alizungumza na mwanafunzi wake, Léopold Gautier, akamweleza shida yake. Je, awape wanafunzi somo lenye ugumu wake wote na kukiri mashaka yake, au awarahisishie, maana wana mtihani mbele yao? Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilisimama. Mtu ambaye tunamkariri kama amri alikuwa na mashaka, tena alimwambia hivyo mwanafunzi.

Alifariki tarehe 22 Februari 1913. Wenzake Charles Bally na Albert Sechehaye walitafuta maandishi ya kozi zile, wakakuta karibu hakuna kitu; alikuwa akiharibu rasimu zake kadiri alivyoendelea. Wao wenyewe hawakuhudhuria masomo hayo. Kwa hiyo walikusanya madaftari ya wanafunzi, wakasaidiwa na Albert Riedlinger, na mwaka 1916 wakatoa kile kitabu tunachokitaja katika kila kazi yetu. Mwaka 1957 Robert Godel alichunguza madaftari hayo, na tangu hapo tunaweza kuona tofauti. Hata ile sentensi maarufu inayofunga kitabu haipatikani katika daftari lolote.

Mtu anaweza kusema hilo ni kosa la mwalimu: angeandika, asingetuacha tukibahatisha. Sikatai. Ukimya wake umetugharimu. Lakini pia najiuliza: ni wangapi kati yetu ambao madaftari yetu yangeweza kutoa kitabu, kama silabusi zote zingepotea kesho? Wanafunzi wale waliandika kwa makini kwa sababu mbele yao palikuwa na mtu anayefikiri, wala si anayesoma alichokwisha kukifikiri zamani.

Baada ya hapo nilirudi darasani bila karatasi. Nilitaka kueleza thamani ya neno ndani ya mfumo. Niliwauliza wanafunzi: kwa nini Kifaransa kina “main” na “bras”, nasi tunasema “mkono” tu? Wakaanza kubishana. Mmoja akasema tuna “kiganja”. Mwingine akamjibu kwamba kiganja si “main” nzima. Msichana wa benchi la nyuma akaniuliza kama mguu nao uko hivyo. Nikamwambia nadhani ndiyo, ila sijalipima vizuri, tulitazame pamoja.

Niliogopa watanidharau kwa jibu hilo. Walifungua madaftari, wakaanza kuandika.