MWALIMU NYERERE NA KARATASI ZENYE SAHIHI YAKE

Habari za wakubwa husimuliwa mara nyingi kwa hotuba zao. Mimi napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa njia nyingine, yaani kwa karatasi alizotia sahihi.

Ng'ambo wako watu ambao kazi yao, au starehe yao, ni kukusanya karatasi za namna hiyo. Barua yenye sahihi ya Simón Bolívar, aliyezikomboa nchi kadhaa za Amerika ya Kusini kutoka kwa Wahispania, huuzwa mnadani kwa fedha nyingi. Ajabu ni kwamba Bolívar mwenyewe, katika wasia wake wa mwaka 1830, aliagiza karatasi zake zichomwe moto. Waliousimamia wasia hawakutii, na wajukuu wa nchi zile wanawashukuru mpaka leo.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe. Siku ile mvua kubwa ilinyesha, basi akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Jina la baba yake nalo lilitokana na viwavi walioivamia nchi zamani za kuzaliwa kwake. Mambo hayo yalihifadhiwa vinywani mwa wazee, wala hayakuhitaji sahihi ya mtu.

Lakini hasara ya kutoijua karatasi ilikuwa imekwisha onekana katika nchi yetu. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, akamfanya Mangungo wa Msovero atie alama yake katika mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa. Peters naye alikuwa mkusanyaji wa sahihi, kwa namna yake! Mikataba ile aliipeleka Berlin, na mwezi wa Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikojifunza kuandika. Habari za Tabora, Makerere na Edinburgh tumezisoma darasani, kwa hiyo nazipita.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi wa Machi 1955 Mwalimu alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, na aliporudi Pugu, alikokuwa akifundisha, ilimpasa achague: ualimu au siasa. Akaandika barua ya kujiuzulu. Mimi naipenda sahihi hiyo kuliko zote. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na TANU haikuwa na fedha. Akarudi nyumbani kwao, na kwa muda akapata riziki yake kwa kumfundisha Kizanaki padre mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll hapa Musoma. Basi kiongozi aliyetoka New York juzi alikaa na mgeni akimfundisha maneno ya Butiama.

Mwaka 1958 jina lake lilimpeleka mahakamani. Katika gazeti la Sauti ya TANU aliandika kuwalaumu mabwana shauri wa Geita na wa Musoma, akashitakiwa kwa kuwakashifu. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini.

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi uliofuata aliuacha uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, na mwishoni mwa mwaka 1962 akawa Rais. Si haki kuzisifu sahihi zake zote. Sheria ya mwaka 1962 ilimwezesha Rais kumweka mtu kizuizini bila hukumu ya mahakama, kwa amri yenye sahihi yake na muhuri wa Serikali. Wako waliofungiwa hivyo, na jamaa zao hawakusahau.

Mwaka 1963 Ofisi ya Rais ilitoa waraka wa kutunza kumbukumbu za Serikali, ikaanzishwa idara ya Nyaraka za Taifa, na sheria yake ikafuata mwaka 1965. Huko Dar es Salaam yamo majalada ya Wajerumani, ambayo mwaka 1997 UNESCO iliyaandika katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Maandishi ya Bolívar yaliandikwa humo mwaka huo huo.

Karatasi iliyobishaniwa kuliko zote ni Hati ya Muungano. Mwalimu na Mzee Abeid Karume waliitia sahihi Unguja tarehe 22 Aprili 1964. Kwa miaka mingi wananchi waliuliza iko wapi, na wengine wakadai kuwa haipo. Mwezi wa Aprili 2014, Bunge Maalum la Katiba likiwa linakutana Dodoma, Serikali iliionyesha kwa waandishi wa habari. Hata hapo ubishi haukwisha, kwa maana wajumbe wengine walizitilia shaka sahihi zenyewe. Miaka 50 ya kuficha karatasi huzaa shaka ambayo siku moja ya kuionyesha haiwezi kuiondoa.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama. Makumbusho yenye jina lake yako kijini hapo. Kutoka Musoma au Bunda mtu hupanda basi hadi Makutano, kisha hushika njia ya Butiama.

Lakini si kila karatasi imefika makumbusho. Katika nyumba nyingi za Mara yamo masanduku ya babu yenye kadi za TANU, stakabadhi za pamba na za kodi, na barua za chama. Mchwa wanazila. Wazazi wenye karatasi hizo tunawaomba wazitie katika mfuko mkavu, na atakayependa ampe mtoto wake azilete muhula ujao. Tutazinakili mbele ya mwalimu wa historia na kuzirudisha kabla ya kufunga shule.